Kozi ya mtandaoni ya mbinu za utafiti wa miji endelevu: somo la usafiri linapotosha

Nimemaliza kozi hii juzijuzi na bado nina hasira nayo. Inajinadi kuwa inafundisha kuupima mji kwa data, na kwa sehemu kubwa inafanya hivyo. Lakini somo la usafiri wa umma lina kosa ambalo mwanafunzi akienda nalo kazini atatoa ripoti ya uongo bila kujua.

Kiashiria chenyewe ni 11.2.1 cha Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa: ni asilimia ngapi ya watu wanaofikia usafiri wa umma bila taabu. Kipimo kinajulikana: mita 500 hadi kituo cha basi, kilomita 1 hadi kituo cha treni au kivuko cha feri, na umbali huo ni wa kutembea kwa njia iliyopo. Mwalimu anafungua QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, anachora duara la mita 500 kuzunguka kila kituo, anajumlisha watu waliomo, basi, kamaliza. Barabara hazitajwi hata mara moja.

Duara hilo lina eneo la kilomita za mraba 0.785. Hata mji uwe na mitaa iliyonyooka kama rula na kukatana kwa pembe mraba, eneo unalolifikia kwa miguu ndani ya mita 500 lina umbo la almasi, kilomita za mraba 0.5 tu. Yaani duara limeongeza zaidi ya nusu, tena katika mji uliopangika. Sasa weka reli, mto au ukuta mrefu wa kiwanda. Nyumba iliyo mita 80 ng'ambo ya reli inaweza kulazimika kuzunguka zaidi ya kilomita moja kutafuta pa kuvukia, na duara linaiandika kuwa imefikiwa. Watu hao ndio hasa kiashiria kiliwekwa kuwatafuta!

Nilipouliza kwenye ukumbi wa maswali, msaidizi wa mwalimu akajibu: "Kwa ngazi hii inatosha, usiwachanganye wenzako." Jibu gani hilo kwa watu waliolipia kufundishwa kupima?

Njia sahihi wala haichukui siku nzima. Kwanza hamishia vituo na barabara kwenye UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita, wa kanda yako, maana ukiziacha kwenye latitudo na longitudo, programu inaweza kuisoma 500 kuwa nyuzi, si mita. Kisha tumia zana ya eneo la huduma iliyo kwenye uchambuzi wa mtandao wa barabara; hiyo hufuata barabara kutoka kituoni hadi mita 500 ziishe. Hapo ndipo wengi hukwama: barabara mbili ambazo ncha zake zimepishana kwa sentimita chache huhesabiwa kuwa zimekatika, na mtaa mzima unatoweka kwenye matokeo. Weka ustahimilivu, yaani pengo ambalo programu italipuuza, wa kama mita 1. Matokeo ni mistari ya barabara zinazofikika. Izungushie ukanda mwembamba wa mita 25 hadi 50. Usiifunike yote kwa poligoni (umbo lililofungwa) moja kubwa, itavuka mto tena na utakuwa umerudi kwenye duara. Unganisha kanda zinazopishana, la sivyo aliye karibu na vituo viwili atahesabiwa mara mbili. Baada ya hapo ndipo ujumlishe watu.

Kwa haki, duara lina utetezi wake. Kwenye makazi yasiyopimwa, vichochoro vingi havijachorwa kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kwa hiyo mtandao wa barabara nao unapunja. Dawa ni kupiga hesabu zote mbili, kuzitangaza zote mbili, kisha kutembea na GPS kwenye sampuli ya kaya kuona ukweli uko wapi. Mwalimu angesema hayo kwa dakika mbili tu, nisingeandika haya.

Na inauma kwa sababu somo la sampuli ni zuri mno. Linaeleza kwa nini ile idadi ya wahojiwa 385 inayonakiliwa kila mahali haitoshi: inafaa kwa sampuli nasibu rahisi tu, ambapo kila mmoja anachaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Ukichagua maeneo kisha kaya 20 kila eneo, majirani wanatumia barabara ileile na bomba lilelile, majibu yao yanafanana. Ufanano huo ukiwa 0.05 (0 ni hakuna, 1 ni kamili), unazidisha 385 kwa 1.95, yaani 1 + 19 × 0.05, na kupata kaya 751. Ukitarajia asilimia 10 wakatae kuhojiwa, gawa kwa 0.9, usiongeze asilimia 10 juu: ni kaya 835. Sijaona pengine likifundishwa kwa uwazi namna hiyo. Kwa somo hilo peke yake nilikuwa natoa nyota nne.

Halafu ukaja mtihani wa mwisho. Swali la usafiri lina ramani yenye mto na daraja moja, na jibu linalohesabiwa kuwa sahihi ni la duara. Aliyefuata barabara anakosa alama! Nyota moja, na hiyo ni ya sampuli. Ukifika swali hilo jibu duara upate cheti chako, ila kwenye kazi halisi fuata barabara.