Kula na kunywa Mombasa: mitaa kwa daraja zake, na saa ya kwenda kila mmoja

Mtu akiniuliza ni wapi pa kula Mombasa, nami humwuliza kwanza atakula saa ngapi. Katika kisiwa hiki chakula kina saa zake kama maji ya bahari yalivyo na saa zake za kujaa na kupwa, na mlo uliokuwa mtamu saa moja asubuhi huenda ukawa umekwisha, umepoa au umepashwa moto mara ya tatu ifikapo saa nne. Kwa hiyo daraja nilizoipa mitaa hapa chini zinasimama kwa saa nilizozitaja tu, na anayefika Mji wa Kale saa saba ya Ijumaa akakuta milango imefungwa na watu wamo misikitini asiuone mtaa kuwa hauna chakula.

Nimepima mambo matatu: chakula kimepikwa lini, kimepikiwa nani, na pesa inayotoka mfukoni inalingana vipi na kinachowekwa sahanini. La pili ndilo zito kuliko yote. Mama anayewapikia majirani zake hawezi kuwauzia chakula kilicholala, maana kesho atakutana nao harusini, matangani na dukani, ilhali anayempikia mgeni wa siku moja hana anayemrudia kumlalamikia. Mandhari nimeyaweka nyuma kwa makusudi, kwa sababu upepo wa bahari Mombasa ni wa bure, na mara nyingi anayeuuza pamoja na samaki hupandisha bei ya samaki.

Nafasi ya kwanza: Mji wa Kale

Nafasi ya kwanza ni ya Mji wa Kale, na sioni mtaa unaoukaribia. Ukitoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ukaifuata Ndia Kuu au ukakata kuelekea Kibokoni, umeingia mahali ambapo chakula kinauzwa kwenye vibaraza vya nyumba zilezile kinamopikwa. Nenda kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukiwa na njaa na noti ndogondogo.

Kiamshakinywa cha hapa ni mbaazi za nazi kwa mahamri, na mnunuzi anapaswa kuchungulia sufuria kabla ya kuagiza. Mbaazi za tui lililokamuliwa kwa mkono huwa na utando mzito juu, mweupe uliopauka kidogo, na punje zake zinaonekana nzima lakini ukiziminya kwa kidole zinapondeka bila ubishi. Zikiwa zimekuwa rojo la rangi moja lisilo na punje, ama zimepikwa kupita kiasi ama zimekaa sana motoni zikisubiri wateja, na hapo ni afadhali uvuke uende kwa jirani. Hamri nalo likamate kabla ya kulitia mdomoni: zuri ni jepesi kuliko ukubwa wake, lina uwazi ndani, na ukilipasua harufu ya iliki inakufikia kabla ya mvuke. Lililo zito na lenye kuacha mafuta kwenye vidole lilikaangwa mafuta yakiwa hayajashika moto. Usiache kutoa salamu kwanza, wala usimharakishe Bi anayepakua, kwa kuwa anapakua kwa zamu anayoijua yeye, na watoto waliotumwa na mama zao na bakuli mkononi wana haki kabla yako.

Mchana ni wa pilau na biriani. Biriani ya Kiswahili hupikwa mafungu mawili, wali peke yake na nyama na masala yake peke yake, na viwili hivyo hukutana sahanini. Ukitaka kujua ubora wake, tazama masala kuliko wali, kwa sababu rangi ya wali humpendeza macho mtu yeyote lakini masala hayaigiziki. Vitunguu vilivyokaangwa hadi vikageuka rangi ya kahawia ndivyo vinavyoyapa uzito na utamu, maziwa ya mtindi ndiyo yanayoyapa ukali wa mbali, na nyama iliyolainishwa kwa papai bichi huachana na mfupa kwa kuguswa. Masala mekundu yenye majimaji ni ya mpishi aliyebana vitunguu akaongeza nyanya. Anayetaka kuketi mezani na kula vyakula vya Kiswahili katika hoteli inayojulikana na wenyeji ataelekezwa Recoda, na kuelekezwa huko si kosa.

Biriani ni chakula cha mchana, nami nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kuinunua saa tatu usiku katika hoteli moja ya mjini, nikaona sufuria kubwa na watu wengi, nikadhani wingi wa watu ni ushahidi wa kutosha. Nilipoifikisha nyumbani na kuifunua, wali ulikuwa umekauka pembeni na masala yalikuwa yameanza kuchachuka, na mtoto wangu aliyekula vijiko vitatu tu akaumwa na tumbo hadi alfajiri. Tangu siku hiyo sinunui biriani baada ya saa tisa mchana, kwa yeyote yule, hata awe mpishi ninayemwamini kwa kila kitu kingine.

Baada ya swala ya alasiri mtaa hugeuka wa kahawa. Muuzaji hukaa na deli lake la shaba, makaa yakiwa chini yake, au hupita akigonganisha vikombe ili wajue yupo. Kahawa hii ni chungu, haina sukari, mara nyingi ina tangawizi, na hunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono huku utamu ukitafutwa kwenye kashata, tende au kipande cha halua. Ni kinywaji cha bei ndogo kabisa, nacho kinakupa haki ya kukaa kwenye baraza na kusikiliza wazee wakibishana mambo ya dunia. Mwite muuzaji ami, yaani baba mdogo, akiwa ni mtu mzima, rudisha kikombe mwenyewe, na ulipe ukiondoka. Kwa anayetaka kiti chenye mito, kivuli na muda mrefu wa kupumzika, Jahazi Coffee House iliyoko Ndia Kuu inafaa, hasa kwa mgeni anayetembea na watoto.

Jua likishazama makarai ya viazi hutoka. Viazi karai huchemshwa, huviringishwa katika rojo la unga lenye rangi ya manjano, kisha hukaangwa, na siri yake yote imo katika chatne ya ukwaju na pilipili inayomwagiwa juu. Nunua kwa yule ambaye karai lake linaunguruma wakati unapofika. Kwa aliyekwisha kukaanga akavilundika katika beseni na kuvifunika, ganda limeshaingia unyevu.

Nafasi ya pili: Makadara na Mwembe Tayari, usiku

Hapa ndipo moto wa makaa unapotawala. Mishkaki ya ng'ombe, kuku wa tikka, naan na mikate ya chapati huuzwa kuanzia magharibi hadi usiku mwingi, na Tarboush iliyoko barabara ya Makadara imekuwa mahali pa familia nzima kukutana mwisho wa juma, wengine wakila ndani ya magari yao na wengine kwenye meza za nje. Ninaiweka sehemu hii ya pili kwa sababu mzunguko wa wateja ni mkubwa, na nyama haipati nafasi ya kulala.

Katika vibanda vidogo vya mshikaki, agiza mishkaki ichomwe ukiwa umesimama hapo. Angalia vipande: vinavyolingana ukubwa huiva pamoja, na kijipande cha mafuta kilichotiwa katikati si udanganyifu bali ndicho kinachoizuia nyama isikauke. Mchomaji anayefahamu kazi yake hupepea makaa kwa upepeo, haruhusu mwali wa moto uguse nyama, na hukupa ndimu bila kuombwa. Mwembe Tayari, kwenye mabasi ya safari ndefu, chakula ni cha haraka zaidi na si kibaya, ila abiria ni wa kupita, na nimeshaeleza ninavyowaona wapishi wa watu wa kupita.

Nafasi ya tatu: Mama Ngina, saa kumi na moja jioni

Hapa huji kushiba. Unakuja kunywa dafu, kula muhogo na kutazama meli zikipita kwenye mlango wa Kilindini chini ya mibuyu mikubwa. Ufuo huu ulitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019, na tangu hapo umekuwa sebule ya mji mzima, hasa Jumapili, siku ambayo nakushauri usije na gari.

Dafu lina ujuzi wake, na wageni wengi hupoteza pesa kwa kutoutambua. Nazi hupita katika umri wa kitale, dafu, koroma, hata ikawa nazi kamili. Kitale maji yake hayajapata utamu, na koroma maji yake yamepungua na nyama yake imeanza kuwa ngumu. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba unataka dafu lenye nyama laini, naye atalipigapiga kwa kidole au kwa ubapa wa panga na kukuchagulia. Ukishakunywa maji usiondoke: mpe alipasue, achonge kijiko kutoka kwenye ganda hilohilo, ukombe nyama. Akikukabidhi koroma kwa bei ya dafu, mrudishie kwa upole, naye atalibadilisha kwa sababu anajua umejua.

Muhogo wa kuchoma au wa kukaanga huchanwa katikati, ukapakwa ndimu na pilipili ya unga iliyochanganywa na chumvi. Chagua mweupe unaovunjika kwa urahisi. Wenye mistari myeusi ndani umekaa tangu kuchimbwa na ladha yake ina uchungu. Kachri, yaani vipande vyembamba vya muhogo vilivyokaangwa vikakauka, zifungishe kwa ajili ya nyumbani.

Nafasi ya nne: Nyali na ng'ambo ya kaskazini

Nyali ina hoteli nzuri, sahani kubwa na meza zenye vitambaa, na Tamarind, inayotazamana na Mji wa Kale kutoka ng'ambo ya maji, ina jina la miaka mingi katika samaki, kamba na kaa. Ninaiweka ya nne kwa sababu ya bei, si kwa sababu ya mkono wa mpishi. Pesa ya mtu mmoja huko inatosha kulisha nyumba nzima Kibokoni, kwa hiyo mtu aende akiwa na jambo la kusherehekea na akiwa amekwisha kujiandaa.

Kabla ya kuagiza samaki popote pale, uliza msimu. Wakati wa kaskazi, kuanzia karibu Novemba hadi Machi, bahari ni tulivu na wavuvi wa ngalawa na mashua hutoka kila siku. Wakati wa kusi, hasa katikati ya mwaka, mawimbi huwazuia wengi wao na samaki wabichi huwa adimu na ghali. Samaki wa kupaka anastahili kuwa mbichi, kwa kuwa huchomwa kwanza mkavu, kisha hupakwa tui zito lenye ukwaju, thomu (kitunguu saumu), bizari na pilipili, akarudishwa motoni hata lile tui likamng'ang'ania. Aliyetoka kwenye barafu hutoa maji, na tui huteleza likabaki sahanini.

Anayetaka bia au mvinyo pamoja na mlo wake asivitafute Mji wa Kale, kwa heshima ya wenye mtaa. Nyali, Bamburi na Mtwapa vinapatikana bila shida. Mnazi, yaani tembo la mnazi, nao ni wa asubuhi: ukigemwa usiku huwa mtamu mapema, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyozidi kuwa mkali. Ununue katika mangwe, yaani kilabu cha tembo, inayojulikana na watu wa hapo, na ukumbuke kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Likoni, kivuko cha kwenda ng'ambo ya kusini, naitaja kwa ufupi. Feri haitozi waendao kwa miguu, na njia ya kuingilia imejaa karanga, miwa na kachri, lakini vingi kati ya hivyo utavipata upande wa kisiwani bila kupanga foleni. Vuka ukiwa na safari ya Diani, si kwa ajili ya chakula.

Mwezi wa Ramadhani upindue mwongozo huu wote. Mchana vibaraza vya Mji wa Kale hufungwa, na asiyefunga ale kwa stara. Alasiri ikifika, mtaa uleule hujaa sambusa, katlesi, kaimati, vitumbua na mkate wa sinia kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Fika saa kumi na nusu, kwa maana saa kumi na mbili kila mtu amekwisha kuelekea nyumbani kufuturu na meza zimebaki tupu.

Siku ya kuondoka ipitie Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914. Iliki inunue ikiwa nzima na ya kijani, uifinye moja uone kama mbegu zake ni nyeusi na zina unatanata. Iliyopauka imeshapoteza harufu. Achari ya embe iombe ifungwe mara mbili, kwani mafuta yake hupenya. Halua iache iwe ya mwisho, ukainunue Mji wa Kale penye sufuria linalokorogwa, na uombe uionje kabla haijapimwa: iwe inavutika kidogo, na samli isikae juu yake kama maji. Inahimili safari ya siku kadhaa nje ya friji, na friji ndiyo inayoifanya iwe ngumu, kwa hiyo ukifika nyumbani iache kabatini.