PostgreSQL kwenye Ubuntu, Rocky Linux na Windows Server: tathmini ya msimamizi wa hifadhidata

Ninasimamia seva kadhaa za PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata, ambazo hazikai kwenye mfumo endeshi mmoja. Nyingi zipo Ubuntu, mbili zipo Rocky Linux, na moja ipo Windows Server kwa sababu programu ya uhasibu inayoitumia ilisakinishwa humo tangu mwanzo. Tathmini nyingi za hifadhidata hupima kasi. Hii inapima jinsi programu ileile inavyomtendea msimamizi wake kila inapohamia mfumo mwingine, hasa siku inapogoma.

PostgreSQL ilianza mwaka 1986 kama mradi wa utafiti katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ni programu huria, haina ada ya leseni, na kila toleo kuu hupewa marekebisho kwa miaka mitano. Ilikulia kwenye Unix, na hadi toleo la 8.0 la mwaka 2005 ndipo ilipoanza kuendeshwa moja kwa moja ndani ya Windows. Asili hiyo bado inajitokeza.

Ubuntu ndiyo inayompokea msimamizi vizuri zaidi. Ukishaisakinisha kwa apt, chombo cha Ubuntu cha kusakinisha programu, hifadhidata huundwa na kuwashwa yenyewe, mipangilio ikakaa /etc/postgresql, data /var/lib/postgresql na logi /var/log/postgresql, na amri ya pg_lsclusters hukuonyesha kwa mstari mmoja toleo, poti, hali ya seva na mahali logi ilipo. Kwenye Rocky hakuna kinachowaka mpaka uendeshe mwenyewe initdb, amri ya kuunda hifadhidata, na mipangilio hukaa pamoja na data ndani ya /var/lib/pgsql. Kwenye Windows kila kitu, pamoja na pgAdmin (programu ya kuisimamia kwa madirisha), huingia C:\Program Files\PostgreSQL. Anayehama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine hupoteza nusu saa akitafuta tu ilipo pg_hba.conf, faili la kanuni za nani anaruhusiwa kuunganishwa na kwa njia gani, ilhali kuandika SHOW hba_file ndani ya psql, chombo cha kuiandikia PostgreSQL amri, kungemjibu papo hapo.

Faili hilo ndilo chanzo cha maswali mengi ninayopigiwa simu. Kwenye Linux, yaani Ubuntu na Rocky, njia ya peer humtambua mtumiaji kwa jina aliloingia nalo kwenye mfumo endeshi, hivyo mtu anaweza kuwa na nenosiri sahihi na bado akakataliwa. Dawa ni kuandika sudo -u postgres psql. Kubadilisha mstari wa faili hilo uwe trust, yaani kumwamini mtu bila nenosiri, kama wengi wanavyoshauriana, ni kuacha mlango wazi. Windows haina peer, kwa hiyo huko ugomvi huwa wa nenosiri peke yake. Hapa naisifu PostgreSQL kwa dhati: mteja aliyekosea nenosiri huambiwa tu kwamba hakuthibitishwa, lakini logi ya seva humweleza msimamizi ni mstari wa ngapi wa pg_hba.conf uliotumika. Kwa kuwa mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, taarifa hiyo fupi huokoa asubuhi nzima.

Logi hiyohiyo ilitusaidia alfajiri moja ya Jumamosi, seva kuu ya Ubuntu ilipozima kwa sababu diski ilijaa. Mwenzangu wa zamu alinipigia: "Kaka, folda ya pg_wal imekula diski yote, nifute faili za zamani?" Nilimwomba asiguse hata moja. Kabla ya toleo la 10 folda hiyo iliitwa pg_xlog, na jina hilo liliwaponza wengi waliofuta yaliyomo wakidhani ni logi za kawaida, kumbe ndimo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kufika kwenye faili za data. Tuliongeza nafasi ya diski, tukaiwasha seva, na ikajirejesha yenyewe bila kupoteza muamala uliokwisha kuthibitishwa. Kisha tukaangalia pg_replication_slots na kukuta slot, yaani alama inayoiambia seva kuu itunze mabadiliko mpaka seva nakala iyapokee, ya seva nakala tuliyokuwa tumeiondoa wiki kadhaa nyuma. Slot hiyo ilikuwa bado ikidai kila faili la WAL (faili hizo za pg_wal) litunzwe kwa ajili ya seva isiyokuwepo tena. Tuliiondoa kwa pg_drop_replication_slot, na baada ya checkpoint, hatua ambayo mabadiliko yote huandikwa kwenye faili za data, folda ilianza kupungua. Kosa la kuisahau lilikuwa letu. Hata hivyo naona kasoro ya kweli katika mpangilio wa max_slot_wal_keep_size, unaoweka kikomo cha WAL ambayo slot inaweza kuzuia isifutwe, uliokuja na toleo la 13: thamani yake ya awali haina kikomo, na asiyeujua hulindwa na ukubwa wa diski peke yake.

Linux ina hatari nyingine ambayo aliyezoea Windows haitarajii. Kumbukumbu ya kompyuta ikiisha, kernel, kiini cha mfumo endeshi, huchagua mchakato na kuuua kwa ishara ya 9, na ukiwa ni wa PostgreSQL, seva hukata miunganisho yote na kuanza upya. Kuweka mpangilio wa kernel wa vm.overcommit_memory kuwa 2 hupunguza hatari hiyo. Kwenye Windows tatizo ninalokutana nalo zaidi ni antivirasi inayoshikilia faili za data wakati seva inazihitaji, kwa hiyo folda ya data lazima iondolewe kwenye ukaguzi wake.

Kuhamisha data kati ya mifumo ndiko kunakotaka uangalifu mkubwa kuliko yote. Faili za data za Windows hazinakiliwi kwenda Linux. Hutolewa kwa pg_dump na kurudishwa kwa pg_restore, na ni vyema hifadhidata tupu iundwe kwanza kwa mkono kwa sababu majina ya lugha na mpangilio wa herufi hayafanani. Hata Linux kwa Linux kuna mtego. Toleo la 2.28 la glibc, maktaba ya msingi ya Linux, lililotoka mwaka 2018, lilibadilisha utaratibu wa kupanga maandishi. Kwa mpangilio wa en_US.UTF-8, zamani "11" ilitangulia "1-1". Sasa "1-1" hutangulia. Mtu akinakili folda ya data kutoka CentOS 7 kwenda Rocky 8, faharasa za maandishi, yaani orodha zilizopangwa za kutafutia data haraka, hubaki na mpangilio wa zamani, na namba ya jalada yenye kistari inaweza kutafutwa isionekane, au ikaingizwa mara ya pili ingawa safu wima hiyo inakataza marudio. Seva huwaka kama kawaida, na hitilafu hujulikana pale karani anapolalamika. Lazima kuendesha REINDEX, amri ya kuunda faharasa upya, kabla ya kuwafungulia watumiaji.

Kwa seva mpya ninapendekeza PostgreSQL kwenye Ubuntu bila kusita. Rocky nampendekezea aliye tayari kuandika kila hatua yake na kuelewana na SELinux, mfumo wa ulinzi wa ndani ya Linux, na Windows ibaki pale programu inapoilazimisha. Seva yetu ya uhasibu nayo inahama: tumeshairudisha data yake mara mbili kwenye Ubuntu ya majaribio, na tunalinganisha idadi ya safu mlalo za kila jedwali kabla ya kuzima ile ya zamani.