Duka la nyavu la babu pale Makoroboi, nampa nyota 4

Wanaouliza kila siku nyavu za uhakika mjini Mwanza zinapatikana wapi, mimi nawaelekeza duka moja la zamani upande wa Makoroboi. Halina bango wala ukurasa Insta, ulizia tu duka la nyavu la babu Mhindi, hata wale mafundi bati wanaogonga masufuria pale kwenye mawe watakuonyesha. Nanunua vitu vya mtumbwi wa dagaa wa nyumbani Igombe kwahiyo naongea kama mteja, sio mpambe.

Mzigo upo. Nyavu za dagaa, nyavu za sangara, nyuzi za kushonea, maboya, kamba, ndoano za migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi), taa za sola na betri zake, na rafu ya juu kabisa bado kuna vipuri vya karabai kwa wale wazee wa visiwani ambao sola hawajaiamini mpaka leo. Usije ukamuulizia kokoro, ule wavu haramu wa kukokota, atakufukuza kwa Kisukuma safi kuliko chako.

Ila kinachofanya watu watoke Ukerewe na Kome waje pale wakati nyavu siku hizi zinauzwa kila mwalo (pale mitumbwi inapotua) ni daftari la mkopo. Anayejua dagaa anajua kazi ni wakati wa giza, mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inalala, hela inakata. Sasa benki gani itakuelewa ukiwaambia marejesho nasubiri mwezi uzame? Babu anakuelewa, unachukua nyavu kipindi cha mbalamwezi unashona taratibu, giza likiisha unaleta hela, na wavu ukichanwa na mamba au kiboko unaenda kumwambia anasogeza mbele giza moja. Nishajaribu duka moja kubwa la kisasa, kijana wa kaunta aliposikia mkopo akanionyesha mlango kwa macho tu.

Ukimkuta hana wateja mchokoze akupe historia maana hili duka limepita mengi aisee. Lilianzishwa na baba yake, enzi mzigo unashuka na treni, reli yetu ilifika Mwanza 1928, kabla ya hapo vitu vilikuwa vinazungukia Kisumu halafu vinakuja kwa meli. Nyavu za mwanzo zilikuwa za pamba zinaoza haraka, nailoni ikaja kuingia ziwani miaka ya 50 na hapo ndo biashara ilipochangamka. Halafu 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi hasa vijijini yakafungwa yafunguliwe ya ushirika, na wale wenye viduka visiwani waliokuwa wanachukua mzigo kwake wote wakapotea kwa mpigo. 1983 ndo usiseme, msako wa wahujumu uchumi, mtu akiwa na katoni za sabuni ndani hapati usingizi, wengine walikuwa wanatupa mali usiku wasikutwe nayo. Babu anasema rafu zilibaki na ndoano na vumbi, akawa anakaa anashonea watu nyavu kuukuu. Wenzake wengi mtaa ule ule walihama nchi, yeye akabaki, nikimuuliza kwanini anasema angeenda wapi na madeni yote yale yapo Ukara (anacheka, ila nadhani hatanii).

Baada ya hapo ni ruksa ya mzee Mwinyi, rais aliyelegeza biashara, mzigo ukarudi, viwanda vya sangara vikafunguliwa, watu wakapata hela kweli. Hata hivyo 1999 Ulaya walipopiga marufuku samaki wetu na 2018 Operesheni Sangara ilipokuwa inachoma nyavu haramu, waliokuja kulia kwenye kaunta yake ni walewale wa daftari, na alichofanya ni kuwaandikia mkopo wa nyavu za macho (matundu) halali waanze upya. Mimi kwa hilo tu namvulia kofia.

Nyota moja nimekata kwa sababu. Bei haijaandikwa popote, ukienda umevaa kiofisi unatajiwa bei ya kiofisi, kwahiyo nenda na mvuvi au angalau jua bei ya mwaloni Kirumba kabla hujafika. Lipa namba ipo lakini simu anakaa nayo mwanae, mwanae akitoka na wewe unasubiri. Mchana anafunga kula na hana haraka. Parking sahau.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 watu wa Sengerema wanafika asubuhi mapema, foleni imekuwa ndefu hasa siku za mwisho kabla giza halijaanza, nenda katikati ya mbalamwezi ndo utahudumiwa vizuri. Beba na kipande cha wavu wako wa zamani, atakipima kwa kidole na kukupa jicho lilelile. Mkopo usiombe siku ya kwanza, lazima uje na mtu ambaye jina lake tayari lipo kwenye daftari.