Mjusi wa Tendaguru au reli ya karanga?

Wanafunzi wetu hapa Lindi wanajiandaa kwa mashindano ya miradi ya historia, na mada zimebaki mbili.

Mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyefukuliwa kwenye kilima cha Tendaguru hapa Lindi, anavutia upesi. Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, na leo mifupa yake imesimama Berlin, kimo zaidi ya mita 13. Tatizo, ukimsimulia mjusi peke yake unafanya mradi wa baiolojia. Watangulize watu: Boheti bin Amrani aliyewasimamia wachimbaji, na wapagazi waliobeba mizigo ile kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Jaji akiuliza "historia iko wapi hapa?", jibu ni hao.

Mpango wa karanga hauna mjusi wa kuonyesha. Waingereza waliuanza 1947, wakitaka kulima karanga kwenye mashamba makubwa, ukavunjwa 1951. Ukaacha bandari ya Mtwara, na reli ya Nachingwea iliyokuja kung'olewa miaka ya 1960. Lakini wazee walioisikia treni ile utotoni bado wapo. Unampigia babu shikamoo, unakaa mkekani, anakuonyesha kwa fimbo: "Hapo ndipo ilipopita, mjukuu wangu." Hilo halimo kitabuni, na jaji analitambua mara moja.

Mimi nachagua karanga, kwa sababu wazee hao hawatatusubiri.

Kwa mada yoyote, karatasi za manila za mradi zisikunjwe. Zizungushwe, ziingizwe kwenye kipande cha bomba la plastiki, mwanafunzi azipakate mwenyewe ndani ya basi.