Tangi la samaki kama nyumba ya hamsta: uzoefu wangu baada ya matangi matatu

Hapa Nairobi nimefugia hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, kwenye matangi matatu ya kioo. La kwanza lilikuwa dogo, sm 60 × 30 × 30. La pili, sm 100 × 40 × 40, lilikuwa tangi la samaki lililoanza kuvuja. La tatu, sm 120 × 50 × 50, liliundwa na fundi wa vioo kwa vipimo nilivyompa. Hukumu yangu ni hii: kioo kinakishinda kizimba cha nyaya kwa mbali, ila tangi la kwanza halimfai hamsta yeyote, la pili linafaa kwa masharti, na la tatu ningeliagiza tena leo. Wanaolalamika kwamba kioo kinanuka au kinamtesa mnyama, mara nyingi shida yao imetoka kwenye mambo matatu: tangi dogo, mfuniko usiopitisha hewa, na maranda machache.

Sababu kubwa ya kuchagua kioo ni kuchimba. Hamsta wa Siria, yule mkubwa wa rangi ya dhahabu, asili yake ni mashamba ya eneo la Aleppo, nchini Siria. Watafiti waliofukua mashimo yake huko walikuta kina cha wastani cha sm 65, na mengine yalipita mita moja. Kizimba cha nyaya huwa na beseni la plastiki la sm 10 hivi. Ukizidisha maranda yanamwagika sakafuni, usipozidisha mnyama hana pa kuchimba, naye anahamia kwenye kutafuna nyaya. Kwenye utafiti uliofanywa Bern, Uswisi, na kuchapishwa mwaka 2006, hamsta waliowekewa maranda ya kina cha sm 10 walitafuna nyaya zaidi kuliko wenzao waliowekewa sm 40 na sm 80. Tangi la kioo linakuruhusu kujaza sm 25, 30 au 35 bila chembe kuanguka nje, na hakuna waya wa kutafuna.

Faida ya pili ni panya. Panya wa mjini anatoboa beseni la plastiki kwa usiku mmoja, lakini kioo hakiwezi. Ya tatu huonekana baada ya wiki chache tu: unaona mashimo yakipita kando ya kioo, unaona ghala la chakula limejengwa wapi, na ukichungulia pembe za chini unajua mkojo umetuama upande gani. Hamsta anayekojolea pembe moja utamsafishia kwa dakika tano, kwa sababu huna haja ya kufukua nyumba nzima kutafuta unyevu.

Sasa vipimo. Tazama eneo la sakafu. Idadi ya lita isikushughulishe. Tangi refu kwenda juu lenye sakafu finyu ni kisima: hewa ya chini haibadiliki na mnyama hana pa kukimbia. Kimo kisizidi upana kwa kiasi kikubwa. Tangi langu la sm 60 × 30 lina sentimita za mraba 1,800, na hamsta wa Siria alizunguka ukuta kwa ukuta usiku kucha akikwaruza pembe. La sm 100 × 40 lina 4,000, la sm 120 × 50 lina 6,000. TVT, chama cha madaktari wa mifugo wa Ujerumani kinachoshughulikia ustawi wa wanyama, kinataka angalau sm 100 × 50 × 50. Hamsta wadogo nao wasipunguziwe nafasi. Aina iitwayo Roborovski ni ndogo kama kidole gumba lakini hukimbia kuliko wote. Na tangi moja ni la mnyama mmoja. Hamsta wa Siria wawili waliokomaa watapigana hata ukiwapa tangi la mita mbili, na mmoja anaweza kufa.

Gurudumu la hamsta kukimbilia ndilo linalowakwamisha wengi, kwa hiyo piga hesabu kabla ya kununua tangi. Hamsta wa Siria anahitaji gurudumu la kipenyo cha sm 28 hivi ili mgongo usipinde anapokimbia. Wadogo sm 20 inawatosha. Gurudumu la sm 28 likiwa kwenye stendi yake linafika kimo cha sm 31. Acha sm 4 kati yake na mfuniko. Kwenye tangi la kimo cha sm 40 zinabaki sm 5 tu chini ya gurudumu, na hapo ndipo watu husawazisha maranda yote kwa sm 5 na kupoteza faida yote ya kioo. Dawa yake ni mteremko. Upande wa gurudumu weka maranda ya sm 5, kisha panda taratibu hadi sm 28 upande wa pili. Katikati weka kizuizi cha ubao au kipande cha gogo ili maranda yasiporomoke. Kwenye tangi la kimo cha sm 50 mambo yanakuwa rahisi: chini ya gurudumu zinabaki sm 15 na upande wa kina unafika sm 35. Hizo sm 10 za ziada zina thamani kuliko pambo lolote utakaloliweka ndani.

Kitu chochote kizito kisikae juu ya maranda matupu. Gurudumu, nyumba ya udongo au bakuli la mchanga litadidimia hamsta akichimba chini yake, na linaweza kumbana ndani ya shimo. Tengeneza meza ndogo ya mbao yenye miguu inayofika hadi kwenye kioo cha chini, weka vitu vizito juu yake, halafu jaza maranda kuizunguka. Hili ni lazima.

Mfuniko utengeneze mwenyewe. Mfuniko wa kioo au wa plastiki uliokuja na tangi la samaki uweke kando kabisa, hata ukiwa na tundu la taa. Kuta nne za kioo hazipitishi hewa, kwa hiyo juu kote kuwe wazi kwa wavu. Chukua mbao za inchi 2 kwa 1, unda fremu inayozidi ukingo wa tangi kwa sm 1 kila upande, kisha pigilia vijiti vyembamba chini yake vinavyoingia ndani ya ukingo ili isiteleze. Wavu uwe wa chuma: matundu ya nusu inchi yanamtosha hamsta wa Siria, robo inchi kwa wadogo. Wavu wa kuanikia kahawa unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ni imara na matundu yake ni madogo. Makali ya waya yakunjwe kuelekea nje. Tangi likizidi mita moja weka mti mmoja katikati ya fremu, la sivyo paka akilala juu wavu unabonyea. Chandarua cha mbu usijaribu hata kwa siku mbili, maana atakitafuna. Wala usiache tangi wazi eti kuta ni ndefu. Hamsta anapanda juu ya gurudumu au nyumba yake na kutoka.

Kwa tangi la kuunda, kioo cha mm 5 kinatosha kwa sababu hakibebi shinikizo la maji. Mm 6 ni bora kwa urefu wa sm 120. Uzito unaukokotoa hivi: kila mita ya mraba ina kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Tangi la sm 100 × 40 × 40 la mm 6 ni kama kilo 23, na la sm 120 × 50 × 50 linafika kilo 34 au 35 likiwa tupu. Mwambie fundi asage kingo zote za juu, na asiweke ule ukanda wa kioo unaokatiza juu katikati, maana unazuia mkono na mfuniko. Silikoni, gundi inayounganisha vioo, ikauke mpaka harufu ya siki iishe kabisa. Mimi huacha wiki nzima. Futa silikoni inayochomoza kwenye pembe za ndani, kwani hiyo hutafunwa.

Tangi la zamani linalovuja ni mali. Mwenye samaki halitaki tena na hamsta hajali tundu la maji. Kagua ufa kwenye kioo cha chini na pembe zilizobanduka. Lioshe kwa siki na maji, suuza sana, likaushe juani. Chini yake tandika kipande cha sponji au mkeka wa mazoezi: meza isiyo sawa hupasua kioo, na sponji hiyo hiyo inameza mvumo wa gurudumu usiku.

Maranda ya seremala yanafaa, vumbi la msumeno halifai. Paina iliyokauka vizuri ni nzuri. Saiprasi, ambayo ndiyo nyingi hapa, ianike juani siku kadhaa mpaka harufu kali ipungue. Mwerezi, ule unaoitwa mutarakwa, uepuke kabisa kwa sababu ya mafuta yake yanayowasha mapafu. Muulize seremala kama randa hiyo imepitishwa kwenye mbao zilizopakwa dawa au kwenye plaiwudi. Kama imepita, tafuta kwingine. Chekecha kuondoa vumbi, kisha weka kwenye friza saa 48 kuua utitiri. Tangi la sm 100 × 40 lenye kina cha wastani cha sm 18 linameza lita 72 za maranda yaliyoshindiliwa. Jiandae na lita 110 za maranda malegevu. Maranda peke yake huporomoka shimo likichimbwa. Weka sm 8, tandaza hei ya Rhodes (nyasi za mifugo) iliyo kavu, gandamiza kwa viganja, rudia. Mashimo yatasimama kwa wiki. Kwa kiota mpe tishu nyeupe isiyo na manukato uliyoichana vipande. Pamba usimpe, inamfunga miguu.

Chupa ya maji ndiyo kasoro ya kioo iliyonisumbua zaidi. Vile vikombe vya mpira vya kubandika chupa kwenye kioo huachia baada ya siku chache, chupa inaanguka, na maji yanaingia kwenye maranda. Nilichokubali ni bakuli dogo zito la kauri juu ya ile meza ya mbao. Ukipenda chupa, ining'inize kwa waya kutoka kwenye fremu ya mfuniko.

Usafi: toa pembe ya mkojo kila siku mbili au tatu, na mboga mbichi ambazo hazijaliwa kila asubuhi. Badilisha theluthi ya maranda kila wiki nne hadi sita, ukirudisha kiota na sehemu ya maranda ya zamani. Wanaoosha tangi zima kila wiki wanamfutia mnyama harufu yake, naye anaanza kuweka alama upya na tangi linanuka zaidi. Utando mweupe wa mkojo kwenye kioo unatoka kwa siki. Ukiona umande ndani ya kioo asubuhi, kuna maji yaliyomwagika au mboga inayooza. Na ukiinamisha uso hadi kwenye maranda macho yakawasha, umechelewa kusafisha.

Joto linataka uangalifu kuliko yote. Hamsta anastarehe kati ya nyuzi 18 na 24. Ikipita 30 yuko hatarini. Kioo kilichopigwa na jua dirishani kinakuwa tanuri kwa muda mfupi, hata Nairobi mwezi wa Julai. Weka tangi kwenye ukuta wa ndani usiofikiwa na jua saa yoyote. Baridi ya usiku hapa haina shida ukiwa na maranda ya kina na tishu za kutosha. Kwa Mombasa au Dar es Salaam sishauri kioo kwenye chumba kisicho na kiyoyozi miezi ya Desemba hadi Machi. Kigae kilichopozwa na chupa ya barafu iliyofungwa taulo husaidia saa chache tu, na feni inayopuliza juu ya mfuniko haishushi joto la chumba.

Jambo moja ambalo maelekezo ya Ulaya hayalitaji ni sisimizi na siafu. Hamsta huficha mbegu chini kabisa, na sisimizi huzifuata wakipanda kioo bila taabu. Siafu wakiingia, mnyama hana pa kukimbilia, kwa kuwa zile kuta zinazomlinda na panya ndizo zinazomfungia ndani pamoja nao. Simamisha miguu ya meza ndani ya makopo yenye maji na matone ya sabuni, ongeza maji kila siku mbili, na sogeza tangi sm 10 kutoka ukutani. Pazia au waya wa umeme ukigusa tangi umewajengea daraja. Dawa ya kupuliza isitumike chumba hicho kabisa.