Mashini ya kuvota: iko mbio, lakini kuchagula mutu haikusaidie (nyota 3 ku 5)

Nimeitumia mara mbili, 2018 na tena tarehe 20 desemba 2023, zote kwetu ku Katuba, komini ya Lubumbashi mu Kongo, basi nasema yenye niliona. Batu bengi banauliza kama ni ya wizi, ile naachia wenye kujua, miye naongea paka vile inafanya kazi mu mikono ya mutu sawa miye, muuzisha wa maunite ya telefone.

Kwanza yenye iko muzuri. Mu 2011 tulivota na bulleti munene sawa gazeti, unafungula page unatafuta jina mpaka macho inauma, tupicha nato tulikuwa tudogo. Na mashini unaonyesha karte, banakupa karatasi, unaingiza, unapiga nimero, sura ya kandida inatokea ku ekra, unahakikisha, karatasi inatoka imeshaandikwa, unakunja unatupa mu kisanduku. Kama umekuya na manimero yako tayari haikawie. Tantini yangu hajue kusoma na alivota peke yake, akatoka anacheka.

Shida njo hii: ku ekra kuko sura, jina, nimero na parti, basi. Mu 2023 tulivota mara ine siku moja, rais, depite wa taifa, depite wa provense na konseye wa komini (mutu wa baraza ya komini). Rais kila mutu anamujua, alikuwa ku radio asubui na mangaribi. Lakini konseye? Ilikuwa mara ya kwanza mu maisha yangu kuvota konseye (bakoko ba Elisabethville, jina ya zamani ya Lubumbashi, balivotaka mambo ya komini mu 1957, na ile wakati ni banaume peke yao), unaona masura paka masura, bote bamevaa koti, bote banacheka. Na haina kazi ndogo, juu bakonseye njo banachagula burgumestre, mukubwa wa komini, badepite ba provense njo banachagula guvernere na basenatere, kumbe huyu usiyemujua njo atakuchagulia bengine usiobajua.

Miye nilianza kutafuta mbele ya siku. Sikuuliza kandida anaahidi nini, bote banaahidi barabara, maji na kuriri. Niliuliza mama muuzisha makala wa pa kona yetu, ye anajua batu kupita redio, nikamuuliza: huyu analala wapi? Juu kuko bale banalala ku Golf, kartye ya matajiri, halafu banakuya kuomba kura ya Katuba. Na pa kilio anakuyaka? Sio kilio ya mwezi wa kampanye, ile ya mwaka mbele, wakati hakuna afishi ata moja ku muti. Kwa ile maulizo mbili tu, ma-afishi karibu yote ya avenue yetu ilianguka, nikabakia na batu batatu. Bunga yenye balileta nilikula, T-shirt njo nalala nayo mpaka leo, sina haya.

Sasa, nimero ya depite wa taifa na ya provense niliandika ku karatasi, ya konseye niliandika ku kiganja, desemba kwetu ni mvua, niko ku line mvua inanyesha, kufika pa mashini kiganja cheupe. Nyuma batu banalalamika, mbio baba, mbio! Nikaanza kupitisha masura mpaka nikaona mama mumoja mwenye alitukopeshaka viti vya plastiki pa kilio ya mujomba wangu, siku tatu, hakuomba ata franga moja. Jina lake la ku ekra sikulijua, siye tulizoeaka kumuita na jina ya mutoto wake wa kwanza. Nikagusa sura.

Nyuma njo nikasikia juu ya kiwango: liste ya kandida ba parti yenye haifikishe 10% ya kura mu komini inaanguka yote na batu bake, kwa provense ni 3%, ata kandida wako awe amependwa namna gani. Ile mashini haikuambie. Ningejua, ningeuliza mama wa makala ulizo la tatu: mu liste yake iko na banani bengine, ao iko peke yake?

Kwa mbio napatia 5, kwa bale hawajue kusoma 4, kwa kumujua mutu 1, na ile 1 ni ya picha juu bila picha singemuona mama wa viti. Manimero muandike ku karatasi, muitie mu sashe.