WHODAS 2.0 kwa wagonjwa wa kiharusi: dodoso la kufuatilia maisha ya nyumbani, si ya wodini

Mgonjwa wa kiharusi anaweza kuruhusiwa kutoka hospitalini akiwa na alama 100 kamili za Barthel, kipimo cha kujitegemea katika shughuli za kila siku, kwa kuwa anakula, anavaa, anaoga na kupanda ngazi bila msaada, ilhali hawezi kufuatilia mazungumzo ya watu wawili wala kurudi kazini. Pengo hilo ndilo linalolipa thamani dodoso la kupima ulemavu la WHODAS 2.0, lililotungwa na Shirika la Afya Duniani kwa kufuata uainishaji wake wa utendaji, ulemavu na afya wa mwaka 2001.

Fomu ndefu ina maswali 36 na huchukua takriban dakika 20 kwa usaili. Pamoja na kutembea na kujihudumia, inauliza juu ya uelewa, mahusiano, kazi na ushiriki katika jamii. Swali la kukazia fikira jambo moja kwa dakika kumi huibua matatizo ambayo mara nyingi familia imekwisha kuyaita uvivu au ukaidi.

Kasoro yake ya kwanza ni muda. Dodoso huuliza kuhusu siku 30 zilizopita, kwa hiyo mtu aliyepata kiharusi wiki mbili nyuma huchanganya uzima na ugonjwa katika jibu moja. Tena kumuuliza habari ya kutembea kilomita moja mtu ambaye bado anafundishwa kuketi kitandani ni kumchosha bure. Wodini, Barthel bado inafaa zaidi.

Kasoro ya pili ni nzito, na wasaili wengi hawaitambui. Mhojiwa hupima ugumu kulingana na namna anavyofanya jambo kwa kawaida, pamoja na vifaa na msaada aliouzoea. Anayeogeshwa kila siku anaweza kujibu kwamba kuoga hakumpi ugumu wowote. Miezi michache baadaye, akianza kujiosha mwenyewe kwa mkono mmoja, atasema kuna ugumu wa wastani. Kwa Barthel amepanda kutoka 0 hadi 5, kwa WHODAS amerudi nyuma, nayo maendeleo ya kweli yanasomeka kama kuzorota. Ndiyo maana kila jibu la kujihudumia liandikiwe pembeni ni nani aliyesaidia na kwa kiasi gani.

Kwa mwenye afasia, yaani aliyepoteza uwezo wa kuongea au kuelewa maneno, ipo fomu ya kujibiwa na ndugu, mradi ndugu yuleyule ajibu katika vipimo vyote, kwani mlezi aliyechoka na yule anayekuja kusalimia hawamwoni mgonjwa kwa jicho moja. Ikumbukwe pia kwamba katika WHODAS alama kubwa humaanisha ulemavu mkubwa, kinyume cha Barthel.

Fomu fupi ya maswali 12 inatosha kwa uchunguzi wa haraka. Kwa kupima mabadiliko siipendekezi: mgonjwa ambaye miguu imepata nguvu huku akijitenga na watu anaweza kubaki na jumla ileile, na mtaalamu asione la kubadilisha katika mpango wa tiba.